Kitambaa cha Kunywa Jasho

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeliwa tena. Ile popelini ya kijani niliyoisifu wiki nzima — wanga mtupu! Dukani ilisimama vizuri mkononi, nzito, nikajua hii ndiyo pamba ya maana. Nikakata, nikashona, jana nikaifua. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Leo imekauka imelegea kama chandarua, ukiinyanyua juani unaona vidole vyako upande wa pili. Na sheria naijua: loweka kwanza, kata baadaye. Naijua! Kiherehere tu.

Kazini wananisifu. Sumaia siku hizi anajishonea mwenyewe, mashallah. Nami jibu nimeshalizoea — mimi navaa pamba tu, nailoni ni kujipika. Nalisema kwa maringo, pua juu.

Uongo. Si maringo, ni jasho.

Nitaliandika hapa maana hapa hasomi mtu. Linakuja bila hodi. Nimekaa secretaria, ofisini shuleni, naandika majina ya watoto, feni inazunguka — ghafla moto unapanda kutoka kifuani mpaka masikioni, mgongo wote unalowa. Kidogo limepita, nabaki na baridi, blauzi imenigandia. Halafu harufu. Mimi, niliyekuwa nanukia asumini hata nikitoka shambani!

Basi nimesoma vitambaa kama mtu anayesomea mtihani. Nakunja kona ngumini, naachia: kikibaki na makunyanzi, pamba hiyo. Nalowesha kidole naangusha tone: likizama, chukua, likibingirika, rudisha. Nyumbani nachoma uzi mmoja. Na rangi nayo! Kijivu na samawati ni wachongezi, ukilowa kidogo tu mtu wa ng'ambo ya barabara anakuona. Nyeupe inasitiri. Maua madogo madogo yanasitiri zaidi. Nyeusi inasitiri kila kitu ila inakupika mzimamzima.

Ya kijani nitaifanya matambara.


Jumatatu, 6 Oktoba

Felisbela! Mungu anisamehe kwa ninayomwombea.

Huyu kaletwa na serikali kutoka Quelimane, kule katikati ya Msumbiji, tunakaa meza moja, haya hana hata chembe. Leo kaniona najipepea na faili. Mbele ya mwalimu Vítor, mbele ya mzazi aliyekuja kuandikisha mtoto, kasema kwa sauti yake ile ya sokoni — colega, mwenzangu, hiyo ni menopausa, hedhi ndiyo inakoma! Eti yeye alianza mapema pia, alikuwa anatembea na taulo kwenye mkoba. Anacheka! Vítor akawa anatazama dirishani kama kuna mpira unachezwa nje.

Nikasema, ni malaria. Sasa Vítor ananiuliza kila saa kama nimeshapima.

Nina miaka arobaini na minne. Arobaini na minne tu.


Alhamisi, 9 Oktoba

Saquina kaja uso unang'aa. Siku imepangwa! Zuleica wake anaolewa Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, na kijana wa Mocímboa anayefanya kazi bandarini. Tumeshikana mikono tukarukaruka sebuleni, wanawake wazima, mpaka kikombe kikaanguka.

Mimi na Saquina tumekua ukuta kwa ukuta. Yeye kazaa sita. Mimi sijazaa. Zuleica alipovunja ungo, Saquina alikuja hapa na mkeka na chupa ya mafuta, akanikalisha chini, akasema — huyu ni wako, mfunde wewe. Angeweza kumpa mdogo wake Anchia, na Anchia alitaka sana. Kanipa mimi. Ndivyo nilivyokuwa somo. Nikamfunda yule mtoto kujiosha, kujisitiri, na kutouonea haya mwili wake mbele ya wanawake wenzake. Nilikuwa hodari kwelikweli, hata wakubwa walisema.

Siku ya harusi somo anakaa mkekani na biharusi, bega kwa bega, tangu asubuhi mpaka anachukuliwa. Wote wanawatazama nyinyi wawili. Sina siku nyingine kama hiyo ya kungoja. Watoto wangu wote ni huyo mmoja wa kupewa.

Sare inatoka Mtwara, kaka yao Saquina na Anchia anaituma. Saquina hajasema kitambaa gani. Nami nimeogopa kuuliza.


Jumapili, 12 Oktoba

Sateni. Samawati. Ya Rabi!

Anchia kaileta robota zima, anagawa nyumba kwa nyumba, kila mwanamke anachukua kipande chake akashone apendavyo. Nilipoigusa mgongo ukaanza kulowa palepale. Inateleza kama samaki changu. Nikaangusha tone la maji — likabingirika mpaka sakafuni.

Sijui shetani gani alinikalia. Nikachomoa uzi ukingoni, nikauwasha kwa kiberiti mbele ya macho ya Anchia. Ukajikunja ukawa kishanga cheusi, moshi wa plastiki. Nikasema, unaona? Hiki si kitambaa, huu ni mfuko. Tutaiva humu kama mihogo.

Anchia hakucheka. Kakusanya robota lake, kipande changu kakitupa kitini. Haya, fundi, kasema.

Nilidhani atasema, basi tumwambie dada atafute pamba. Hicho ndicho nilichotaka. Wabadilishe wote, nisiwe peke yangu! Mtu mzima na akili zangu, nachoma kitambaa cha harusi ya mwanangu ili nifiche mgongo.


Jumatano, 15 Oktoba

Maneno yameshatembea. Bombani leo wanawake wamenyamaza nilipofika. Mmoja kaivuta ndoo yake kando taratibu — jamani ndoo yangu ya plastiki, fundi asije akaiwasha kiberiti. Wakacheka mpaka wakashikilia mbavu. Nami nikacheka, ningefanyaje? Nimerudi na maji nusu.

Ningekwenda moja kwa moja kwa Saquina. Ni hatua chache tu. Badala yake miguu ikanipeleka dukani kwa Rafique, na huko, chini ya mapazia, nikaiona. Pamba samawati! Nimeikunja, nimeilowesha, nimeinusa, nimeinyanyua mlangoni kwenye mwanga. Nyuzi zimekaa karibu karibu, laini, haina wanga, inakunywa maji kama mbuzi wa kiangazi. Rafique kaniuliza kama nainunua au naiposa.

Rangi ni ileile. Karibu ileile.


Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeiloweka usiku mzima na chumvi ili rangi ishike, nimeianika kivulini, nimepiga pasi, ndipo nikakata. Safari hii sikukimbia. Mikono mipana kidogo, kwapani nimeongeza kipande cha pembe nne hewa ipite. Sijawahi kushona blauzi nzuri namna hii. Nimeivaa jikoni nikajigeuza mbele ya sufuria.

Ndani ya nyumba ukiiweka na sateni huwezi kujua. Nje — sateni inang'aa, hii haing'ai. Lakini nani atanishika? Harusini kila mtu anatazama chakula na biharusi.

Nimeifua mara ya mwisho nikaianika uani.


Jumamosi, 18 Oktoba

Nataka ardhi ipasuke.

Saquina alikuja asubuhi bila kupiga simu. Kaleta ubani wa harusi na vitumbua vya moto. Na alichokuja kusema, maskini — kwamba maneno ya Anchia ameyatia sikio hili yametokea sikio la pili. Anajua ulimi wangu, kasema, ulimi wangu hauna breki lakini moyo wangu anaujua. Nikamkumbatia. Nikasahau kabisa uani kuna nini.

Kaenda nyuma kunawa mikono. Maji sikuyasikia. Nikamfuata.

Alikuwa kaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika kitu cha mgonjwa. Kauliza, hii nini?

Nikasema, sare.

Kasema, sare na nani?

Akaanza, wala hakupaza sauti, heri angepaza. Mama yake na miguu yake mibovu atavaa sateni. Wanawake wa kijiji cha Mute wanakuja na lori, juani, watavaa sateni. Felisbela, mtu wa kuja, asiyejua hata kukaa mkekani, kachukua kipande chake kashukuru. Somo wa mtoto ndiye kajishonea ya kwake. Watu wakiona somo kajitenga, watasema nini juu ya Zuleica? Watasema hata aliyemfunda kamkataa.

Nilikuwa nalo mdomoni. Wallahi lilikuwa hapa. Shoga, damu imekata, mwili unawaka, naona haya. Maneno hayo tu, hata kitoto kinaweza kuyasema. Nikafungua kinywa nikasema — mimi nailoni sivai, unajua. Sivai! Kama mke wa gavana.

Kanitazama sana. Kasema, hapana, hilo silo. Kuna kitu unanificha. Niambie, Sumaia. Mficha uchi hazai.

Halafu akashika mdomo.

Methali tu! Watu wanaisema kila siku, hata kwa mwanamume anayeficha jino bovu. Nayo imemtoka hivyohivyo, bila nia. Nilijua haina nia. Lakini nikaona nafasi ya kumuumiza nikaitumia. Nikasema, ndiyo, na mimi kweli sikuzaa.

Machozi yakamjaa. Akachukua mtandio wake, akatoka, geti hakulifunga. Vitumbua bado viko mezani. Sijui nivile, sijui nivitupe.


Jumapili, 19 Oktoba

Nimeikata. Ile pamba nzuri ya samawati, nimeikata vipande vipande kwa mkasi uleule. Nilidhani nitapoa. Sikupoa. Sasa nina matambara mazuri kuliko nguo zangu.


Jumanne, 21 Oktoba

Ujumbe wa Anchia kwenye simu: dada anasema usihangaike, mkekani nitakaa mimi. Na uso wa kucheka mwishoni.

Nimeusoma kazini. Joto likanipanda palepale, la aibu na lile jingine, sijui lipi lilianza. Felisbela kaniona. Safari hii kafungua mkoba akanisogezea pepeo lake la kukunja, lenye picha ya maua. Taratibu, chini ya meza, wanaume wasione. Nikasema kwa ukali, sihitaji. Akalirudisha mkobani.

Mbona nina roho ya korosho hivi? Anayenipigia kelele namchukia, anayeninong'oneza namfukuza.


Jumatano, 22 Oktoba

Suleimane kafika jana kutoka Vamizi. Anapika hotelini kisiwani, tunaonana baada ya wiki nyingi. Mume wangu mwema. Kaleta samaki mkavu na mafuta ya kujipaka ambayo mgeni mmoja aliyaacha chumbani. Asubuhi kanikuta sakafuni, nimelala juu ya saruji tupu. Kauliza bila hasira — Sumaia, unanikimbia? Nikasema joto. Kasema, Oktoba hii nani hana joto. Akakubali, akaenda kuchemsha chai. Ningependa angebisha kidogo.

Haya, niandike, nimalize.

Februari damu ilipokata sikudhani ni mwisho. Nilidhani ni mwanzo! Miaka yote ya kunywa mizizi, ya mama mkwe kunisomea dua kichwani, na sasa, kimya kimya, Mungu kakumbuka. Sikumwambia Suleimane. Sikumwambia Saquina, nilitaka nimshtue. Nikapanda gari peke yangu mpaka Mocímboa, ili Rafique asijue ninachonunua, nikanunua malimali ya mtoto. Pamba nyembamba, laini, ina bata wadogo wa njano. Nikaifua kwa sabuni ya kipande, nikaifua tena, nikaifua tena, maana pamba ya mtoto mchanga lazima isahau dukani ilikotoka. Nikaikunja sandukuni chini ya nguo za Idi.

Aprili nesi akanieleza, kwa upole, mkono wake juu ya mkono wangu. Hakuna mtoto, mama. Ni mabadiliko, kwa wengine huwahi. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiona haya hata mbele ya mbuzi.

Ndiyo maana siwezi kumwambia Saquina habari ya jasho. Nikimwambia jasho nimemwambia yote. Nimemwambia basi, hakuna tena cha kungoja. Na mama mkwe bado anasoma dua.

Damu ikianza tunapiga ngoma, wanakuja wanawake wa mtaa mzima, mtoto anapewa somo. Ikiisha hakuna ngoma. Hakuna somo. Nani atanifunda mimi? Felisbela na taulo lake?


Alhamisi, 23 Oktoba

Audio ya Zuleica. Wamemweka ndani, haruhusiwi kutoka mpaka siku yenyewe, ananong'ona kama mwizi. Shikamoo somo. Mama analia jikoni, nikiuliza anasema kitunguu. Mama mdogo anasema yeye ndiye atakaa na mimi. Somo, uliniambia siku hiyo nikiogopa nikushike mkono. Sasa nimshike nani?

Nimeisikiliza mpaka simu ikazima.

Navaa sateni. Nitakwenda nikae hata mlangoni. Waseme watakalo.


Ijumaa, 24 Oktoba

Bitana! Mjinga mimi, mbona sikufikiria tangu mwanzo? Sateni nje, pamba ndani. Pamba inakunywa, sateni inang'aa, somo anastarehe, kila mtu kafurahi. Shida ni pamba gani. Kapulana za zamani laini, hivi vitenge vyetu, zote ni nyekundu au nyeusi, rangi inapenya kwenye samawati kama jeraha. Marekani, ile pamba nene isiyopaushwa, ninayo lakini ni ngumu, chini ya sateni inatuna, nitakuwa kama nimevaa gunia. Ile ya kijani imebaki matundu. Laiti ile samawati nisingeikata! Nimeyatoa yale matambara, nimeyapanga sakafuni, nimejaribu kuyaunga. Hayatoshi hata mgongo. Na Rafique kafunga duka tangu sala, kaenda msibani.

Nimekaa na sanduku mbele yangu muda mrefu.

Mwisho nimeitoa. Malimali. Nimeiweka shavuni. Hakuna pamba katika nyumba hii, wala katika mji huu, inayokunywa kama hiyo, nimeifua mimi mwenyewe mpaka imekuwa kama ngozi. Nimelia? Nimelia. Suleimane alikuwa msikitini, nashukuru. Kisha nikakata. Mkasi unawapita bata katikati na mimi nasema bismillahi kama ninachinja.

Nimewageuza bata waelekee mwilini mwangu, upande uliofifia uelekee sateni. Nimeshona kwa mshono mdogo. Nimeisimamisha dirishani, jua likaipiga: hakionekani kitu. Samawati safi.

Nimeivaa. Inateleza nje, ndani inanikumbatia. Suleimane kasema, hiyo sare imekupenda. Nalala nikiwa na raha kidogo, mara ya kwanza wiki hii.


Jumamosi, 25 Oktoba

Ngoma inasikika mpaka hapa. Niko nyumbani. Nimejifungia. Naandika haraka.

Nilikwenda mapema. Anchia keshakaa mkekani, kajipaka wanja mpaka kwenye nyusi, kanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kutafuta kosa. Hakupata. Sateni kama yake. Nikakaa mlangoni kama nilivyoahidi. Ndipo Zuleica, uso wote umefunikwa, haoni mtu, akanyoosha mkono hewani akasema — somo wangu yuko wapi? Mbele ya watu wote. Anchia ikambidi ainuke.

Nikakaa. Mkono wake ulikuwa baridi, hina bado inanukia. Saquina alipita na sinia, akasimama, akaniangalia hiyo blauzi. Aliinama akanyoosha ukosi wangu kwa kidole, kisha akaenda zake. Nilidhani moyo utapasuka kwa furaha.

Joto likaja, pamba ikalinywa. Likaja tena, ikanywa tena. Nikasema kimoyomoyo, ahsante. Lakini wale watu! Chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa mapazia, ubani, wanawake wa Mute wote wameingia na vumbi lao na vigelegele. Likaja la tatu na halikuondoka. Nikahisi pamba imeshiba. Nikahisi sateni inanigandia mgongoni, inashuka mpaka kiunoni. Nikajiambia, haidhuru, ni maji tu, wote wanatoka jasho.

Mtoto wa kike mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti — bata!

Tazameni, somo ana bata mgongoni.

Mimi! Ninayeangusha tone kwenye kila kitambaa kabla sijakilipia! Bitana nimeitazama ikiwa kavu. Sikuilowesha. Sateni ile ikilowa inakuwa kama karatasi ya maandazi, kila kilicho chini kinajitokeza, na wale bata wa njano wamesimama mgongoni kwangu safu safu, wanatembea.

Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Anchia hakuchelewa. Jamani, fundi wa pamba, kumbe pamba yenyewe ya kufungia mtoto! Mtoto yupi?

Wakazidi kucheka. Wengine walijuta katikati ya kicheko, nikawaona, hilo lilikuwa baya zaidi. Felisbela peke yake alisimama, akavua mtandio wake, akawa anapita kati ya watu aje anifunike, anaomba njia, com licença, com licença. Nami nikamtafuta Saquina kwa macho. Alikuwa pale na sinia yake tupu. Hakucheka. Anaijua malimali ile, kafungia watoto sita. Niliona anawatazama bata, kisha ananitazama mimi, kisha bata tena. Midomo yake ikatikisika. Akaelewa. Niliona anaelewa, kitu kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Na hapo nikafanya jambo ambalo sitajisamehe. Zuleica alikuwa kanishika kwa nguvu, haoni, anauliza, somo nini, wanacheka nini? Nikaufungua mkono wake kidole kwa kidole. Nikamwachia. Nikatoka nikikimbia, mbele ya wakwe waliokuwa wanashuka kwenye gari.

Niliyemfunda asiuonee haya mwili wake.

Blauzi nimeitupa kwenye beseni. Nimejifunga kanga tu. Suleimane yuko kwa wanaume, hajui, au ameshajua.

Mtu anagonga.

Anagonga tena. Ni Saquina! Mama wa biharusi, wakwe wako sebuleni kwake, naye yuko barazani kwangu. Nimemwambia kupitia mlango, rudi, watu watasema. Anasema, waseme. Anasema Zuleica kagoma kutoka chumbani. Hatoki mpaka somo arudi, na yeye mwenyewe harudi bila mimi.

Nimemwambia sina cha kuvaa.

Namsikia anaketi chini. Mlango umetikisika kidogo, kaegemea. Ngoma kule imesimama, sasa ni mtaa mzima unangoja na mimi na kanga yangu.

Nilidhani ataniomba msamaha, au atanikaripia kwa kumkimbia mwanawe, nimejiandaa kwa yote mawili. Hafanyi hata moja. Anauliza kwa sauti ya chini, karibu na tundu la ufunguo, kama tulipokuwa wadogo tukisemezana ukutani — shoga, tangu lini?

Joto linapanda tena, kifuani, shingoni.

Anauliza tena. Polepole. Tangu lini?

Februari, nimesema. Sauti imetoka ndogo sana, sijui kama amesikia. Analia huko nje, au ni mimi. Ufunguo uko hapa mezani, nimeushika nimeuacha, umelowa wote, na anasema — fungua, shoga. Naushika tena.